Mpumbavu na Sikio Lake: Kuzisoma Upya Mithali za Waebrania

Katika sura ya 26 ya kitabu cha Mithali zimekaa pamoja aya mbili ambazo kwa karne nyingi zimewatia tabu wasomaji wake. Aya ya 4 yamkanya mwenye busara asiingie katika majibizano na mpumbavu, kwa kuwa mwisho wao watafanana. Aya ya 5 yamtaka afanye hilo hilo alilokanywa, kwa kuwa mpumbavu akiachiwa uwanja atajiona bingwa wa hekima. Aya hizi hazikutengwa kwa kurasa wala kwa sura. Zimewekwa bega kwa bega, na katika Kiebrania maneno yao ya mwanzo ni yale yale, isipokuwa ya kwanza ina kikanushi na ya pili haina.

Wanazuoni wa Kiyahudi wa zamani waliliona tatizo hili wala hawakulifumbia macho. Talmud ya Babeli, katika mlango unaohusu Sabato, inasimulia kuwa wako waliotaka kitabu cha Mithali kifichwe kisisomwe hadharani, kwa sababu maneno yake yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Hatimaye kilisalimika, na ufumbuzi uliotolewa ulikuwa wa kifakihi: mpumbavu na ajibiwe katika mambo ya Torati, na asijibiwe katika mambo ya dunia. Ufumbuzi huo una nadhifa yake, lakini unafanya haraka kuufunga mlango ambao wakusanyaji wa mithali waliuacha wazi kwa makusudi. Ni vigumu kuamini kwamba watu waliopanga maneno kwa uangalifu mkubwa namna ile hawakuona walichokiandika katika mistari miwili inayofuatana.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Lugha yake inamwambia kuwa haraka haraka haina baraka, na lugha hiyo hiyo inamwambia kuwa ngojangoja huumiza matumbo. Hakuna aliyewahi kudai kuwa watu wa pwani hawajui wanachokiamini. Kila mtu anafahamu kuwa mithali hizi mbili ni dawa mbili katika mkoba mmoja, na kazi ya mganga ni kumtazama mgonjwa kwanza. Hivyo ndivyo zinavyopasa kusomwa aya ya 4 na ya 5. Hazitoi sheria mbili zinazogombana, bali zinatoa mtihani mmoja: ni nani huyu aliyesimama mbele yako, na saa hii ni ya nini? Asiyeweza kulijibu swali hilo, hata akizihifadhi mithali zote, bado hajaingia katika hekima.

Hukumu juu ya kitabu hiki haiwezi kuwa ya haki bila ya kulitazama umbo lake. Kitabu kina sura 31, nacho si kazi ya mkono mmoja, bali ni makusanyo yaliyounganishwa. Kusanyo lianzialo sura ya 10 hadi aya ya 16 ya sura ya 22 lina mithali 375, na herufi za jina la Sulemani kwa Kiebrania, zikihesabiwa kwa njia ya abjadi, hutoa hesabu hiyo hiyo. Sura ya 25 hadi ya 29 zinatajwa kuwa zilinakiliwa na watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda aliyetawala kwenye ukingo wa karne ya 8 na ya 7 kabla ya Masihi. Baina ya makusanyo hayo liko jingine, linaloanza aya ya 17 ya sura ya 22, ambalo limefanana mno na Mafundisho ya Amenemope ya Misri ya kale. Mafundisho hayo yalichapishwa mwaka 1923, na mwaka uliofuata Adolf Erman, mtaalamu wa Kijerumani, akaonyesha jinsi maandishi hayo mawili yanavyolingana, wakati mwingine neno kwa neno. Wako waliodhani kuwa ugunduzi huo unakipunguzia kitabu heshima. Ukweli ni kinyume chake. Wahenga wa Kiebrania walilisikiliza neno la mgeni, wakalipima, wakalipa nafasi nyumbani mwao. Walilitenda wao wenyewe lile wanalolihimiza.

Mithali moja, kwa kawaida, ni mshororo mfupi wenye vipande viwili, mfano wa ukwapi na utao. Hauna vina vya lazima wala hesabu ya mizani kama aijuavyo mshairi wa Kiswahili. Kinachoushikilia ni maana ya kipande kimoja kupimwa kwa maana ya kingine, kama bidhaa na jiwe katika mizani ya duka. Robert Lowth, aliyefundisha ushairi katika Chuo Kikuu cha Oxford, aliueleza mpango huo katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1753, na hadi leo hakuna azungumzaye juu ya ushairi wa Kiebrania bila ya kupita mlangoni pake. Katika sura ya 10 hadi ya 15 aghalabu vipande hivyo vinapinganishwa: mwenye hekima huku, mpumbavu kule. Msomaji wa haraka huondoka na picha ya ulimwengu uliogawika mafungu mawili, la werevu na la wajinga, kila mmoja na tikiti yake aliyozaliwa nayo. Picha hiyo si kamili, na chanzo cha upungufu wake ni tafsiri zaidi kuliko mithali zenyewe.

Kiebrania hakina mpumbavu mmoja. Yuko kwanza anayeitwa peti, ambaye mzizi wa jina lake unahusishwa na maana ya kuwa wazi. Ni kama nyumba isiyo na komeo: lolote lipitalo huingia, naye huliamini. Huyu ni kijana, au mtu mzima ambaye hajafunzwa, wala kitabu hakimkatii tamaa. Aya ya 4 ya sura ya kwanza inasema bayana kuwa kitabu kimekusudiwa kumpa yeye werevu. Na neno lililotumika kwa werevu huo ni ndugu wa lile linalomsifia nyoka katika sura ya 3 ya Mwanzo, yaani akili yenye makali, iwezayo kukata mkate na iwezayo kukata mkono. Waswahili wanaosema kuwa mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani wanaujua ukali huo vizuri.

Yuko wa pili, kesil, atajwaye karibu mara 50 katika kitabu. Tatizo lake si kukosa akili. Tatizo lake ni kushiba. Ameridhika na nafsi yake hata hana hamu ya kufahamu jambo jipya. Raha yake, kama isemavyo sura ya 18, ni kuyamwaga yaliyomo moyoni mwake. Wa tatu ni ewil, ambaye kila njia anayoishika anaiona imenyooka, na kwa hiyo ushauri kwake ni tusi. Wa nne ni lets, mwenye stihizai, aliyefika daraja ya kulifanyia mzaha kila jambo la maana. Anayemwonya huambulia kutukanwa. Wa tano, nabal, anatokea mara 3 tu katika Mithali, lakini kisa chake kimehifadhiwa penginepo, katika sura ya 25 ya kitabu cha kwanza cha Samweli. Pale, Nabal ni jina la mtu tajiri, mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, aliyewafukuza kwa maneno ya kejeli watu wa Daudi waliokuja kwake kwa heshima wakati wa kukata manyoya. Siku ile nyumba yake iliponea chupuchupu kuangamizwa, na aliyeiokoa ni Abigaili, mkewe, aliyekubali kumsikiliza mtumishi. Neno kuu la kisa hicho linatoka kwa mtumishi huyo, anayemweleza Abigaili kuwa bwana wao ni mtu asiyesemezeka.

Hasemezeki. Ndilo neno linalowakusanya kesil, ewil, lets na nabal katika safu moja, na ndilo linalomtoa peti katika safu hiyo. Tofauti baina ya mwenye hekima na mpumbavu katika mithali za Kiebrania haikai katika kichwa. Inakaa katika sikio. Mwenye hekima akionywa huongeza hekima yake, maana yake ni kuwa naye ana la kuonywa. Mpumbavu akionywa huhesabu kuwa amevunjiwa heshima. Baina yao anasimama mjinga, ambaye sikio lake bado liko wazi, na vita vyote vya kitabu ni vita vya kuligombania sikio hilo.

Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, ambayo vizazi vingi vimelelewa nayo, ilimpa peti jina la mjinga, na hapo ilifanya vyema. Lakini kesil, ewil na nabal iliwatia wote, aghalabu, katika kapu moja la mpumbavu. Msomaji wa Kiswahili anapokutana na neno hilo ukurasa baada ya ukurasa, anadhani kuwa anapigiwa ngoma ile ile, ilhali katika asili kila mpigo una ngoma yake. Na Kiswahili hakikuwa na uhaba. Ewil angeweza kuitwa mkaidi, na nabal angelifaa jina la fidhuli, kisha mpumbavu akabaki peke yake mahali pa kesil. Hasara yake si ya urembo tu. Majina yakichanganywa, ugonjwa unaoponyeka na usioponyeka hupewa hukumu moja, na kijana asiyejua huvikwa nguo ya mzee asiyetaka kujua.

Hata hivyo si haki kuwalaumu wafasiri kupita kiasi, kwani maradhi haya ni ya zamani. Ben Sira, mwalimu wa Yerusalemu, aliandika kitabu chake cha hekima kwa Kiebrania mwanzoni mwa karne ya 2 kabla ya Masihi. Mjukuu wake, alipokwenda Misri, akakifasiri kwa Kiyunani, na katika dibaji yake akawaomba radhi wasomaji, kwa kuwa mambo yaliyosemwa kwa Kiebrania hayana nguvu ile ile yakishahamishiwa lugha nyingine. Huenda hiyo ndiyo dibaji ya mfasiri iliyo ya kweli kuliko nyingi zilizoandikwa baada yake. Kiswahili nacho kina bahati ambayo Kiyunani hakikuwa nayo: neno hekima, lililotujia kwa njia ya Kiarabu, ni la ukoo mmoja na hokhmah ya Kiebrania, na mithali ni ya ukoo mmoja na mashal. Majina mawili makuu ya kitabu yamo ndani ya lugha kama ndugu waliorudi nyumbani. Lililobaki ni kuwapa wapumbavu nao majina yao.

Ufundi mkubwa kuliko wote wa kitabu umo katika sura ya 9. Wako wanawake wawili, Hekima na Upumbavu, kila mmoja na nyumba yake, na kila mmoja anawaita wapita njia kutoka mahali pa juu mjini. Hekima amejenga kwa nguzo saba, amechinja, ameandaa meza. Upumbavu ameketi mlangoni pake hana alichokiandaa, ila anasifia utamu wa maji ya wizi na chakula cha mafichoni. Jambo la kushangaza ni kuwa mwaliko wao unaanza kwa maneno yale yale. Aya ya 4 na ya 16 zimefanana karibu kabisa, na anayeitwa katika zote mbili ni peti, mjinga. Mtunzi angaliweza kumpa Upumbavu sauti ya kutisha, au lugha chafu ya kumtambulisha mara moja. Hakufanya hivyo. Alijua kuwa upumbavu hauji ukijitaja kwa jina. Unakuja na kauli ya hekima mdomoni. Kwa hiyo sikio peke yake halitoshi. Msikilizaji hana budi kungoja aone kilichoko mezani, na kuuliza waliotangulia kuingia wako wapi. Mtunzi analijibu swali hilo kwa ukali: wageni wa Upumbavu wako kuzimuni.

Kipimo hiki cha sikio kinamrudia hata yule ambaye kitabu kimepewa jina lake. Katika sura ya 3 ya kitabu cha kwanza cha Wafalme, Sulemani alipoambiwa aombe apendalo, aliomba moyo, na sifa aliyoitaka kwa moyo huo katika Kiebrania ni kusikia. Tafsiri nyingi husema moyo wa kufahamu au wa busara, na kwa kufanya hivyo huruka ngazi moja: mfalme hakuomba kujua, aliomba kuwa msikivu. Sura chache mbele, ya 12, mwanawe Rehoboamu anakaa mahali pa babake. Watu wanamjia wakilia na uzito wa kazi waliyotwishwa. Anaomba siku tatu. Wazee waliomtumikia babake wanamshauri awe mtumishi wa watu siku ile, aseme nao kwa wema. Vijana aliokua nao wanamshauri awaonyeshe kuwa kidole chake kidogo ni kinene kuliko kiuno cha babake. Akawafuata vijana. Makabila kumi yakajitenga, na ufalme haukuungana tena. Rehoboamu, kwa maelezo ya kitabu hicho hicho, alikuwa na miaka 41, hakuwa mtoto.

Sura 9 za mwanzo za Mithali zinamwita mwana, tena na tena, ategeshe sikio kwa babake. Mapokeo yanalitia wito huo mdomoni mwa Sulemani. Anayezisoma huku akimkumbuka Rehoboamu hawezi kuzisoma kwa furaha nyepesi. Mtu aliyesifiwa kwa hekima kuliko wote alishindwa kuipitisha hekima hiyo katika sikio moja, la nyumbani mwake. Hekima hairithiwi kama shamba. Kila kizazi huanza na peti, na kila peti husimama baina ya nyumba mbili.

Haya yote hayakifanyi kitabu kuwa kisicho na kasoro. Kinaiamini bakora kuliko inavyostahili kuaminiwa, kwa mtoto na kwa mpumbavu vilevile, ingawa sura ya 27 yenyewe inakiri kuwa mpumbavu hata akitiwa kinuni pamoja na nafaka akatwangwa kwa mchi, upumbavu wake hautamtoka. Mwanamke kinampandisha hadi kuwa Hekima yenyewe, kisha kinamteremsha hadi kuwa mtego wa barabarani, na nafasi ya mwanamke wa kawaida baina ya hao wawili ni finyu mpaka kufikia sura ya 31, ambapo maonyo ya mfalme Lemueli yanatoka kinywani mwa mamake. Zaidi ya yote, kina imani kubwa mno kuwa hekima hulipa: mwenye busara atashiba, mpumbavu atafilisika. Ayubu anaibishia imani hiyo kwa majeraha yake, na Mhubiri, katika sura ya 9, anaibishia kwa kisa cha maskini aliyeuokoa mji kwa hekima yake na kisha asikumbukwe na mtu. Lakini Mithali zenyewe zina dirisha lililo wazi kwa upande huo. Sura ya 28 inamweka tajiri anayejiona ana hekima mbele ya maskini mwenye kufahamu, na anayemwona mwenzake mpaka ndani ni maskini.

Yapo matumizi ya mithali ambayo kitabu chenyewe kinayapinga, nayo ndiyo yaliyoenea zaidi: kuokota aya na kuirusha kama jiwe kwa mtu aliyekwisha kuitwa mpumbavu. Sura ile ile ya 26 inasema kuwa mithali katika kinywa cha mpumbavu ni kama miguu ya kiwete, iko lakini haimpeleki popote. Na tena ni kama mwiba katika mkono wa mlevi, ambao humchoma yeye na aliye jirani yake. Yaani mithali inaweza kuwa sahihi na msemaji wake akawa mpumbavu. Na aya ya 12 inafunga sehemu hiyo kwa kumtaja mtu mmoja ambaye hali yake ni mbaya kuliko ya mpumbavu: yule anayejiona mwenye hekima. Baada ya aya kumi na moja zinazomzungumzia mpumbavu karibu zote, msomaji aliyekuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, akiwafikiria jirani zake, ghafla anaona kioo kimegeuzwa upande wake.

Talmud, mara baada ya kuijadili migongano ya Mithali, inaleta kisa cha Hillel. Mtu mmoja aliweka dau la zuz 400 kuwa atamkasirisha mzee huyo. Akamwendea siku ya kuamkia Sabato, Hillel akiwa anaosha kichwa, akamwita kwa utovu wa adabu, akamuuliza kwa nini vichwa vya watu wa Babeli ni vya mviringo. Hillel mwenyewe alikuwa mtu wa Babeli. Alijifunika, akatoka, akalisifu swali, akalijibu. Mtu yule akarudi na swali jingine la kipuuzi, kisha la tatu, na kila mara mzee alitoka akajibu kwa upole, mpaka mwenye dau akabaki akilalamikia fedha zake.

Je, Hillel alimjibu mpumbavu au hakumjibu? Alimjibu maswali yake, lakini hakuujibu upumbavu wake. Aliitii aya ya 4 na aya ya 5 kwa wakati mmoja, na hakuna aya yoyote iliyomweleza namna ya kufanya hivyo. Alikuwa na sikio, akamsikia mtu hata pale mtu huyo alipojitahidi asiwe na la maana la kusikiwa.